Nilidhani Trafiki Ananitania

Mmenisumbua tangu Jumatatu, wazazi wenzangu wa Chemchem, hapa Tabora. Kila ninayekutana naye bombani ananiuliza maswali mawili: safari ya Dodoma ilikuwaje, na kwa nini basi la shule limelala uani huku watoto wanakwenda kwa miguu. Wengine mmeshasema nimefukuzwa. Mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, amesema nililewa harusini nikapoteza leseni. Haya, kaeni. Nitayajibu yote mawili kwa mpigo, maana la pili limezaliwa na la kwanza.

Kwanza mkumbuke mimi ni nani. Mimi Skolastika sina shamba, sina duka, sina hata banda la kuku. Nina leseni. Mwaka wa kumi na moja huu nawabeba wanenu, asubuhi nawapeleka, mchana nawarudisha, na ada za wanangu mwenyewe zimetoka kwenye usukani ule. Mtu akiigusa leseni yangu ameligusa jembe langu. Shikeni hilo mpaka mwisho.

Chemchem hadi Kigwa

Tuliondoka Alhamisi, wiki ile shule zilipofunga katikati ya muhula. Nilikuwa nampeleka shangazi yangu Veronika, mnamfahamu, yule mama wa kwaya ya Moraviani anayeimba sauti ya pili hata mkiwa mnaimba moja. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Dodoma Jumamosi, na kwetu bibi harusi hatoki mlangoni kama hajakaa na bibi yake wakafungiwa chumbani wakaongea. Kwa hiyo shangazi alikuwa ndiye mzigo wa thamani kuliko yote.

Gari lilikuwa la shemeji yangu, Mwalimu Kasiani, mume wa marehemu dada yangu Kristina. Dada ametutoka mwaka jana. Shemeji ni mstaafu, mtu wa mafaili na rula, gari lake analiosha kila Jumamosi kama anamwogesha mtoto. Alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akaanza kunisomea: maji ameweka, mafuta amejaza, tairi la akiba lina upepo, pembetatu ipo, kizima moto kipo, sanduku la dawa lipo, hata ufagio upo nyuma ya kiti.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi nabeba watoto arobaini kila siku. Unanifundisha gari?"

"Nakukumbusha tu, shemeji. Barabara haina mwenyewe."

Kwenye kioo cha mbele niliona vibandiko vimepangwa safu, vya miaka na miaka, vingine vimefifia mpaka havisomeki. Nikaridhika. Gari la Mwalimu Kasiani likose kitu? Labda jua lisichomoze.

Shangazi alipanda na kuku wawili, mfuko wa karanga, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutosha kulisha kijiji. Mkanda akaukataa. "Nimebatizwa tangu mdogo," akasema, "mkanda wa nini?" Nikamwambia trafiki atatukamata. Akaufunga haraka mpaka kuku wakapiga kelele. Mungu hamwogopi, trafiki anamwogopa!

Kigwa tulitakiwa kupita tu. Lakini shangazi ana mwenzake wa kwaya pale, akasema nisimamishe dakika mbili amsalimie. Jamani, Kigwa ukishuka kusalimia umekwisha. "Mwangaluka" moja, salamu yetu ya asubuhi, ikazaa nyingine, tukawekewa mkeka, jiko likawashwa, jogoo akakimbizwa. Saa tatu asubuhi mimi nakula ugali na kuku, nimeshiba mpaka nashindwa kuinama. Dakika mbili za shangazi zilikuwa saa moja na nusu. Na bado tukafungiwa mfuko wa karanga nyingine juu ya karanga tulizonazo.

Kigwa hadi Tura

Mwezi wa tisa mnaujua, jua linawaka na majani yote yamekauka. Lami ile mpya imenyooka mpaka mtu unasinzia. Kabla ya Tura nikamwona mbele yangu mwanamume kwenye baiskeli, amefunga ndoo mbili kubwa za asali nyuma, anayumba. Nikapiga honi kumjulisha napita. Kumbe honi ya shemeji ni kali kama ya lori. Yule bwana alishtuka, baiskeli ikaingia porini, yeye huku, ndoo kule.

Moyo ulinipasuka. Nilisimama, nikashuka mbio. Nikamkuta amekaa chini anajipapasa magoti.

"Umeumia, baba?"

"Nimeumia roho. Ndoo zimepona?"

Ndoo zilikuwa zimepona, mifuniko ilikuwa imefungwa kwa mipira. Akacheka. Goti lilichubuka kidogo tu, nikamfungia kitambaa kutoka kwenye lile sanduku la dawa la shemeji, nikasema moyoni mwalimu ana haki ya kusifiwa. Shangazi akamlaumu mimi nikisikia, eti barabara ni ya magari. Akamlaumu tena mara ya pili, kisha akampa michembe. Yule bwana akatumiminia asali kwenye kikombe cha plastiki, tukala kwa vidole pale pale kando ya barabara, watu watatu ambao dakika tano nyuma mmoja wao angeweza kuwa maiti. Nikaendelea na safari nikimshukuru Mungu, na sikufikiria zaidi ya hapo. Angalieni, sikufikiria zaidi ya hapo.

Tura hadi Itigi

Baada ya Tura ni pori. Shangazi akaanza habari za babu yake, aliyepita njia hii hii kwa miguu na wapagazi wenzake wa Kinyamwezi, pembe za ndovu begani, miezi mitatu kwenda pwani na mitatu kurudi kama hajafa. Pori hili wakaliita Mgunda Mkali, kwa sababu ukiingia bila maji hutoki. Na ukitoka salama unaangukia kwa Wagogo, nao wana visima, nao hawakupi maji bure. Utatoa nguo, utatoa shanga, utatoa mpaka waridhike.

"Wakagombana mpaka wakachoka kugombana," shangazi akasema. "Mtu unayempitia kwake kila mwaka utamchukia mpaka lini? Wakageuka watani. Ndiyo maana mpaka leo Mgogo nikimtukana hawezi kukasirika. Akikasirika, ameuvunja utani wa babu zake."

Mimi hilo nalijua tangu utotoni. Msiba wa baba, watani walikuja wakalala kwenye jeneza wakidai walipwe, na tulicheka tukiwa na machozi. Mtani hakasiriki. Ndivyo tulivyolelewa. Mngeniuliza siku ile, ningesema hakuna kanuni nzuri kuliko hiyo.

Itigi tulisimama kunywa chai. Mama mmoja muuza maandazi akamwuliza shangazi anaenda wapi, shangazi akajibu anakwenda kuoza. Yule mama akaelewa yeye ndiye anayeolewa, akampa hongera kwa uzito wote, akaongeza andazi moja la bure kwa ajili ya bwana harusi. Shangazi hakumsahihisha. Andazi akalila njiani.

Manyoni, kwenye kizuizi

Ilikuwa saa nane mchana. Trafiki akanyoosha mkono, nikasimama vizuri kabisa, taa ya pembeni, breki ya mkono. Kijana wa miaka thelathini na kitu, nguo nyeupe zimenyooka pasi. Akamwinamia shangazi: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Bahi, bibi. Mimi Mgogo."

Shangazi akapiga makofi. "Aa! Ndiyo maana nimekukuta umesimama njiani umenyoosha mkono!"

Yule askari alicheka mpaka akashika kofia. "Na nyie Wanyamwezi, siku hizi mizigo mnalibebesha gari? Shingo zimechoka?"

Basi, utani ukafunguka. Akaniomba leseni, nikampa. Akasoma namba ya gari, akaiandika kwenye simu yake. Mimi niko raha mustarehe, nimeegemea dirisha.

"Mama, gari lako halina bima."

"Na zizi lako halina ng'ombe," nikamjibu.

Akacheka. "Nasema kweli, mtani. Imekwisha tangu mwezi wa tatu."

"Na mlenda kwenu umekwisha tangu mwezi wa tatu, ndiyo maana umekonda hivyo."

Watu waliokuwa wanauza vitunguu kando wakasogea. Mmoja akapaza sauti, "Mgogo leo kapatikana!" Mimi nikavimba kichwa. Nyie mnanijua nikipata wasikilizaji.

"Zima gari, nipe ufunguo."

"Ufunguo unautaka, mahari umeleta?"

"Nitakupeleka mahakamani, mtani."

"Mahakamani kwa nini? Nipeleke kanisani moja kwa moja, shangazi yupo, atakuwa shahidi!"

Shangazi akapiga kigelegele. Haki ya Mungu, alipiga kigelegele, na kuku wakaitikia. Askari alikuwa anacheka, na huku anacheka anaandika. Mimi naona kalamu inatembea, nadhani ni sehemu ya mchezo. Kwani sijawahi kuona watani wakiandika hati ya kumkamata mtu msibani? Wanaandika kwa mkaa ukutani!

Kisha akaikunja leseni yangu kwenye karatasi, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko. Kile kifungo. Bado nakiona.

"Dereva," akasema, "shuka tuongee."

Hakusema mtani. Alisema dereva. Mwili wote ukawa baridi kwenye jua lile la Manyoni.

Nilishuka. Akanionyesha simu: namba ya gari ni ile ile, jina la Mwalimu Kasiani ni lile lile, na chini yake tarehe ya mwisho, mwezi wa tatu. Vibandiko vyote vile vya kwenye kioo vilikuwa vya zamani. Siku hizi bima iko kwenye mtandao, kioo hakisemi kitu.

"Afande, kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia mara nne, mama."

"Ulikuwa unacheka!"

"Ulitaka nikasirike? Wewe ni mtani wangu." Alisema kwa upole kabisa, na ndipo nilipotaka kulia. Mtu mwingine yeyote angenifokea sentensi ya kwanza, nikashtuka, nikaomba radhi. Huyu alifungwa na desturi asinifokee, nami nikafungwa na desturi nisimwamini. Tulikuwa tunaelewana sana, na hatukuelewana hata neno moja.

Nikauliza wakala wa bima yuko wapi. Nikakimbia, nasema nilikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na mbili na kanga imefunguka. Robo saa tu bima imekatwa, ujumbe umeingia kwenye simu. Nikarudi naupunga kama nimeshinda bahati nasibu. Yule askari, nilishajua jina lake sasa, Koplo Yona, akausoma wote.

"Vizuri. Gari sasa linaweza kutembea. Lakini hii imeanza saa nane na dakika arobaini. Umetoka Tabora saa ngapi?"

Nikakaa chini kwenye jiwe. Bima ya alasiri haifuniki njia ya asubuhi! Kigwa sikuwa nayo. Tura, yule bwana wa asali alipokuwa chini anajipapasa magoti, sikuwa nayo. Kama mguu ungekuwa umevunjika, nani angemtibu? Mimi, kwa mshahara gani? Nikaona ile damu kidogo ya goti lake, na safari hii haikuwa kidogo.

Koplo akanieleza bila kuficha. Nitafika mahakamani kesho asubuhi. Adhabu ni faini, au kifungo, au vyote viwili. Na juu ya hayo hakimu anaweza kunizuia nisiwe na leseni kwa muda.

"Muda gani?"

"Inaweza kufika mwaka."

Faini sikuiogopa. Jela, Mungu anisamehe, sikuiogopa sana. Lile neno mwaka ndilo lililonikata maini. Shule gani itanisubiri mwaka mzima?

Nilipewa dhamana, tukapata chumba karibu na stendi. Mama mwenye nyumba alituletea ugali wa uwele na mlenda. Shangazi, aliyekuwa ameutukana mlenda wa Wagogo mchana kutwa, akala sahani mbili, akafuta na sufuria. Mimi nilimpigia shemeji.

Nikamweleza yote. Naye akasema, "Bima?" Kama mtu anayeulizwa habari za mtoto asiyekumbuka kumzaa.

Manyoni, mahakamani

Ijumaa saa nne na nusu nimesimama kizimbani. Nimevaa gauni nililoshona kwa ajili ya harusi, maana sikuwa na jingine la heshima. Hakimu alikuwa mama wa umri wangu, miwani kwenye kamba, sauti ya chini. Nikasomewa shtaka. Nikajibu ni kweli.

Kabla hajaendelea, mlango ukafunguka nyuma. Shemeji Kasiani, vumbi la basi mabegani, faili chini ya kwapa. Alikuwa ametoka Tabora alfajiri. Hakukaa.

"Mheshimiwa, naomba kusema. Gari ni langu. Ufunguo nilimpa mimi."

Hakimu akavua miwani. "Mzee, unajua unachokisema? Sheria inamgusa anayeendesha na inamgusa anayeruhusu liendeshwe. Unajitia mwenyewe kwenye shtaka."

"Najua, mheshimiwa. Nimeisoma sheria hiyo kwenye basi, njia nzima." Akafungua faili. "Gari hili nimelitunza miaka tisa. Mafuta, matairi, breki, kila kitu kimeandikwa humu. Bima haimo. Jana nimepekua nyumba nzima, nikaikuta kwenye mkoba wa marehemu mke wangu. Alikuwa akikata yeye, kila mwaka, wala hakunisumbua. Mimi sikujua kama hilo nalo lilikuwa lake."

Yesu na Maria. Dada yangu Kristina, mwaka na zaidi kaburini, ndiye aliyekuwa ametulinda barabarani miaka yote ile, na sisi tunalisifia gari kwa kung'aa. Nililia pale pale kizimbani, na sikujali nani ananiona.

Mwendesha mashtaka akaomba muda, jina la shemeji likaongezwa, naye akakiri. Kisha hakimu akanigeukia mimi. Akaniuliza kazi yangu.

"Naendesha basi la shule, mheshimiwa. Watoto arobaini."

"Na basi hilo lina bima?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Nilijibu papo hapo. Kama mnavyojibu mtu akiuliza kama mko salama.

Aliandika kwa muda mrefu. Akasema tumekiri bila kusumbua mahakama, bima imeshakatwa, na kwamba anaona mimi ni mtu ambaye maisha ya watoto yako mikononi mwake na ninalijua jukumu hilo. Faini kwa wote wawili. Leseni akaniachia, lakini kwa onyo: nikirudi mbele ya mahakama yoyote kwa kosa hilo, nisitegemee huruma ya pili. Shemeji akalipa kabla sijafungua pochi.

Nje, Koplo Yona alifungua kile kifungo cha mfuko, akanirudishia leseni. Niliishika kama mtoto aliyetoka hospitali. Akanifundisha mwenyewe jinsi ya kuhakiki bima kwa simu, unaandika namba ya gari, unasubiri. "Ili siku nyingine usimsubiri Mgogo akuambie," akasema. Akanipa na namba yake. Shangazi akamwachia kuku mmoja, naye akamkataa, akasema hapokei kitu akiwa kazini hata kwa mtani. Shangazi akamwambia ndiyo mara ya kwanza tangu dunia iumbwe Mgogo kukataa. Hapo ndipo nilipocheka tena.

Manyoni hadi Dodoma, na kurudi

Dodoma tulifika jioni ya Ijumaa, shangazi akafungiwa na bibi harusi wake, harusi ikawa njema, pilau lilitosha. Zaidi ya hapo siwezi kuwasimulia, maana sikuona. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimfikiria yule bwana wa asali.

Jumapili tulirudi, shemeji amekaa mbele, faili mapajani. Pale Tura nikapunguza mwendo. Hakukuwa na mtu. Shemeji akauliza kwa nini naenda polepole, nikamwambia nimechoka. Karibu na Kigwa shangazi akataka tushuke dakika mbili. Sote wawili tukasema hapana.

Chemchem, Jumatatu asubuhi

Sasa ndiyo jibu la swali lenu la pili.

Jumatatu nilifika uani mwa shule mapema kama kawaida. Nikazunguka basi, nikapiga matairi teke, nikaangalia maji. Nimeshaweka mguu kwenye ngazi, nikakumbuka simu. Nikaandika namba ya basi, kwa kujaribu tu, ili nifurahi.

Imekwisha. Mwezi wa sita.

Nikadhani nimekosea namba. Nikarudia. Nikarudia tena, nikisoma herufi moja moja kwa sauti kwenye kibao cha nyuma. Mwezi wa sita. Nikahesabu kwa vidole: wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Jamani! Siku zote hizo nimewabeba wanenu, nimepita nao mbele ya trafiki wa hapa mjini nikiwapungia mkono. Na Ijumaa nilisimama mbele ya hakimu nikasema ndiyo, mheshimiwa, na kwa ajili ya ndiyo ile akaniachia leseni.

Nikaenda kwa meneja wa shule. Nikamwonyesha. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonishtua kuliko yote.

"Skola, najua. Mambo yamebana, mwezi ujao tutaikata. Endesha tu."

"Siendeshi."

"Mbona miezi yote hiyo umeendesha?"

Ni kweli, nimeendesha. Miaka kumi na moja sijawahi kuuliza hata mara moja. Nilikuwa naangalia breki, naangalia mlango umefungwa, naangalia nani ametapika. Nikauweka ufunguo mezani kwake. Akaniambia mji huu umejaa wenye leseni, na kama siutaki ufunguo huo niuache hapo hapo. Nikauacha.

Nikatoka, nikampigia Koplo Yona wa Manyoni, sijui hata nilitaka aniambie nini. Nikamwambia, "Afande, basi langu la shule halina bima. Watoto arobaini."

Akacheka! Akasema, "Mtani, umeanza mapema leo!"

"Afande, sikutanii."

Kicheko kikakatika. Akaniuliza taratibu kama kuna mtoto yeyote aliyeumia. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi hujachelewa. Wazazi wanajua?"

Ndiyo mnajua sasa. Sikufukuzwa, sikulewa, na leseni yangu hii hapa mkobani, nzima, na kazi sina. Nimesikia meneja amepata dereva mwingine, anaanza kesho, kijana mchangamfu, mcheshi sana. Kesho atasimama pale bombani saa kumi na mbili na nusu, atafungua mlango, na wanenu watakimbilia kupanda maana wamechoka kutembea. Mzuieni mlangoni. Muulizeni bima. Akiwajibu kwa mzaha, msicheke naye.